Kuomba kibali cha kubadili sura ya nje ya nyumba kongwe Mwanza: hatua kwa hatua

Wenye nyumba kongwe za katikati ya jiji, hasa zile za ghorofa zenye duka chini na makazi juu, kwa kawaida huniletea picha ya madirisha ya aluminiamu iliyopigwa kwenye jengo jipya, kisha wananiuliza kibali kitachukua muda gani. Kabla ya muda kuna swali zito zaidi, nalo ni kipi katika uso wa nyumba hiyo kitabaki kama kilivyo. Ombi linalojibu swali hili kwa michoro na picha humpa afisa mipango miji kitu cha kuidhinisha, ilhali ombi linaloonyesha sura mpya peke yake humwacha akikisia kitakachobomolewa.

Hatua ya 1: Hakikisha nani ana haki ya kuomba. Nyumba nyingi za wafanyabiashara wa Kihindi zilitwaliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1971, iliyogusa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na baadaye zikawa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji wa nyumba ya namna hiyo, hata kama wazazi wake waliishi humo kabla yake, anahitaji ridhaa ya maandishi ya mmiliki. Iwapo nyumba ni ya familia na hati bado ina jina la marehemu, ni lazima kwanza apatikane msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Msiruke jambo hili kwa sababu tu ndugu wote wanaelewana.

Hatua ya 2: Jua hadhi ya nyumba kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba za Kijerumani na za Kihindi za Mwanza ni za baadaye, kwa hiyo ulinzi wake chini ya sheria hiyo hutegemea tangazo la Waziri. Andika barua kwa Idara ya Mambo ya Kale ukiuliza kama jengo au eneo lake limetangazwa, na uambatishe jibu kwenye maombi yako. Kutotangazwa hakukupi ruhusa ya kufanya utakavyo, kwani Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 bado inadai kibali cha mamlaka ya upangaji kabla ya uendelezaji. Kwa nyumba iliyo karibu na maji, kama baadhi ya zile za Capri Point, angalia pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Baraza jipya linaloelekea ziwani linaweza kukwama hapo.

Hatua ya 3: Pima na upige picha nyumba ilivyo leo. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, na ndipo wateja wengi hutaka kubana matumizi. Piga picha ya uso mzima kutoka ng'ambo ya barabara, kisha sogea: mwaka uliochongwa juu ya ukuta wa paa, ukingo wa saruji unaokinga dirisha na mvua, nondo za roshani, bawaba za milango ya mbao. Mbunifu majengo achore uso wa sasa na uso unaopendekezwa kwa skeli moja, kwenye karatasi moja, vikiwa sambamba. Dirisha la mbao libonyeze kwa bisibisi kwenye kizingiti cha chini, kwa kuwa maji hutuama hapo. Mara nyingi kipande hicho pekee ndicho kilichooza na miimo, yaani mbao za wima za pembeni, bado ni mizima. Ukiandika «kubadilisha kizingiti cha chini katika madirisha matano» unaomba jambo jepesi kuliko «kubadilisha madirisha yote», na gharama yake ni ndogo.

Hatua ya 4: Taja vifaa kwa majina. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa usipakwe plasta ngumu ya saruji. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa njia ya kutokea, plasta huvimba na kubanduka, nayo hubanduka na uso wa jiwe. Andika uwiano wa chokaa na mchanga, aina ya mbao na rangi. Bango la duka nalo lina vibali vyake, na lisifunike nakshi wala mwaka wa jengo.

Hatua ya 5: Wasilisha. Nyumba iliyoko Nyamagana hushughulikiwa na Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Ya Ilemela ina manispaa yake. Maombi hupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa Serikali, na malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba. Andaa hati ya umiliki, stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi, na michoro iliyogongwa mihuri na wataalamu waliosajiliwa. Ukigusa roshani, paa au ukuta unaobeba uzito, ongeza michoro ya mhandisi. Binafsi huzungumza na afisa mipango miji nikiwa na rasimu ya penseli kabla ya kupakia chochote, kwa sababu kusahihisha rasimu ni rahisi kuliko kujibu barua ya kurudishwa.

Hatua ya 6: Kibali kikitoka, kisome chote. Masharti mara nyingi huwa kwenye ukurasa wa mwisho. Mpe fundi mkuu nakala, na nyingine ikae kwenye eneo la kazi kwa ajili ya wakaguzi. Plasta ikibomolewa na nyuma yake likaonekana tao lililozibwa au ufa usiojulikana, simamisha kazi upande huo, piga picha, na uombe marekebisho ya michoro kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mkaguzi haitakufaa akija mwingine.