Kutambua Kinachowaua Chaza katika Tangi la Matumbawe Nyumbani

Chaza akifa katika tangi la matumbawe, anza kwa kuhesabu muda. Tangu alipoonyesha dalili ya kwanza hadi aliposhindwa kabisa kufunga magamba yake, je, zilipita saa, siku au wiki? Kifo cha saa chache, hasa kikiwachukua chaza wawili watatu kwa mpigo, karibu kila mara hutoka katika maji yenyewe: sumu, upungufu wa oksijeni, au badiliko la ghafla la chumvi na joto. Kifo cha siku chache kwa kawaida humpata chaza mmoja, nacho hutokana na jeraha, mlaji au ugonjwa. Kifo cha wiki na miezi ni cha njaa, yaani mwanga haba, maji yasiyo na virutubishi, au upungufu wa madini ya kujengea gamba. Wafugaji wengi hupima maji, wakaona vipimo vyote viko sawa, wakakata tamaa, ilhali maji mazuri huondoa kundi moja tu la visababishi na kuacha mengine mawili bila kuguswa.

Ninaowazungumzia hapa ni chaza wakubwa wa jenasi ya Tridacna, wenye nyama ya rangi inayotandazwa juani kama joho, ambao ndani yake huishi mwani wa hadubini unaowatengenezea sehemu kubwa ya chakula chao. Ni lazima ujue unaye yupi, kwa kuwa mahitaji yao hayafanani. Tridacna crocea, mdogo kuliko wote, hujichimbia ndani ya jiwe na hudai mwanga mkali sana. Tridacna maxima, ambaye pamoja na Tridacna squamosa hupatikana kwenye miamba ya pwani ya Kenya na Tanzania, hujishika juu ya jiwe na naye hutaka mwanga mkali. Tridacna squamosa na Tridacna derasa huvumilia mwanga wa wastani, na derasa aliyezalishwa shambani, kama wale wa Palau, ndiye ninayemshauri mtu anayeanza. Chaza hawa wote wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo muulize muuzaji ametoka wapi. Swali hilo lina faida ya kitabibu pia, maana chaza aliyeng'olewa mwambani mara nyingi hufika akiwa na mguu uliochanika, na jeraha hilo humuua siku chache baadaye katika tangi lisilo na kosa lolote.

Kabla ya kusoma dalili za ugonjwa, mfahamu chaza mzima. Joho lake hufunika ukingo wa gamba na kuning'inia nje kidogo. Kivuli cha mkono kikimpitia hujikunja mara moja. Mrija wa kuingizia maji huwa wazi kiasi, bila kutanuka. Na kwenye ukingo wa gamba kuna mstari mweupe wa ukuaji mpya. Mrija ukitanuka hadi ukaona matamvua (viungo vyake vya kupumulia) ndani yake muda wote, huyo ni chaza aliye taabani, na mara nyingi tatizo ni oksijeni au sumu. Joho likijikunja upande mmoja tu, tafuta kitu kinachomgusa au kumng'ata upande huo. Rangi ikififia kuanzia katikati, fikiria mwanga na joto. Na akichelewa kuitikia kivuli, usisubiri kesho.

Kwa vifo vya haraka, pima kwanza amonia, kisha joto, kisha chumvi. Amonia inapaswa kuwa sifuri katika tangi lililokomaa, na kipimo chochote kinachoonekana ni cha kutilia maanani, hasa kama kuna samaki aliyefia nyuma ya mawe. Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Likipanda kufikia 30 maji hushika oksijeni kidogo zaidi, na mwani ulio ndani ya chaza huanza kumtoka. Oksijeni hushuka zaidi karibu na alfajiri, kwa sababu usiku mwani na matumbawe huivuta bila kuitengeneza. Kwa hiyo chaza anayekutwa hoi kila asubuhi na kupata nafuu mchana anahitaji uso wa maji utikiswe zaidi, kwa pampu iliyoelekezwa juu au kichuja povu kinachofanya kazi usiku kucha.

Chumvi ina mtego wake. Uzito mahususi unaotakiwa ni 1.025 hadi 1.026, sawa na gramu 35 hivi za chumvi kwa kilo moja ya maji. Nilipoteza maxima wawili katika tangi langu la lita 300 huku haidromita (kifaa cha kupimia chumvi) ya mkono wa plastiki unaoelea ikinionyesha 1.025 kila wiki, na nilipoazima refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa kupindisha mwanga, iliyosawazishwa kwa maji ya kipimo cha 35 nikakuta chumvi halisi ilikuwa 1.020. Viputo vidogo vilivyokuwa vimeng'ang'ania ule mkono ndivyo vilivyouinua. Tangu siku hiyo siamini kipimo cha chumvi ambacho hakijalinganishwa na maji ya kipimo kinachojulikana, na ningemsihi kila mfugaji afanye hivyo kabla ya kununua dawa yoyote.

Shaba ndiyo sumu inayosahaulika zaidi. Kiasi kidogo ambacho samaki hawakihisi kabisa huwaua chaza, na huingia kwa njia nyingi: dawa ya madoa meupe ya samaki, kiungo cha shaba nyeupe kwenye bomba, maji ya mfereji yaliyolala kwenye mabomba ya shaba. Zaidi ya hapo, mawe na mchanga wa tangi lililowahi kutiwa dawa hiyo huinyonya shaba na kuirudisha taratibu kwa muda mrefu baadaye. Ukinunua tangi au mawe yaliyotumika, muulize mwenyewe waziwazi kama aliwahi kutibu samaki ndani yake. Vipimo vya matone vya dukani havioni shaba ndogo kiasi hicho. Sampuli ya maji ipelekwe maabara inayopima metali. Wakati ukisubiri majibu, badilisha sehemu ya maji kwa maji yaliyochujwa kwa osmosisi kinyume (yaani kusukumwa kupitia utando mwembamba) na kuchanganywa chumvi vizuri, na uweke mkaa amilifu kwenye chujio. Mkaa huo husaidia pia iwapo kilichoingia ni dawa ya kupulizia mbu au manukato ya chumbani, vitu ambavyo pampu ya hewa huvivuta na kuvitia majini mtu akiwa hana habari.

Ikiwa maji ni safi na anayekufa ni mmoja, weka vipimo pembeni uchukue tochi. Saa mbili au tatu baada ya taa kuzimwa, angalia ukingo wa joho na sehemu ya chini ya gamba. Konokono weupe wa familia ya Pyramidellidae, wenye ukubwa wa punje ya mchele au hata mdogo zaidi, hujificha mchana chini ya chaza na katikati ya magamba madogo yaliyosimama ubavuni mwake, kisha usiku hupanda hadi kwenye nyama, wakatoboa kwa mrija mrefu na kufyonza majimaji yake. Mmoja hamuui chaza mkubwa. Lakini huzaana upesi, na chaza mwenye urefu wa sentimita tano akivamiwa na ishirini hudhoofika ndani ya siku chache bila jeraha linaloonekana. Mayai yao huwa ndani ya utelezi unaong'aa uliogandishwa kwenye gamba, na hayo ndiyo yanayowaponyoka watu: konokono wote huondolewa, chaza anapata nafuu, na baada ya wiki mbili hali inarudi ileile.

Dawa yake ni mswaki na subira. Mweke chaza kwenye beseni la maji ya tangi lake, usugue gamba lote kwa mswaki mpya bila kugusa joho wala tundu la chini ambako mguu hutokea, halafu msuuze kwa maji mengine ya tangi na umwage yale ya beseni mahali ambapo hayatarudi. Rudia kila baada ya siku mbili tatu kwa muda wa wiki sita hivi, hata kama huoni konokono. Samaki mdogo wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, huwasaidia wafugaji wengi kuwapunguza, ingawa analala usiku wakati konokono wanafanya kazi, kwa hiyo hawezi kuchukua nafasi ya mswaki. Konokono wa jenasi ya Cymatium ni hatari zaidi. Huyu ni mkubwa, gamba lake mara nyingi lina manyoya, hujibana chini ya chaza, na mmoja peke yake anatosha kuua. Kila chaza mpya ageuzwe na kukaguliwa chini kabla hajaingia tangini, na ikiwezekana akae karantini katika tangi tupu lenye mwanga wa kutosha.

Hapa lazima nionye kuhusu kosa linalowafanya watu wawaue viumbe wasio na hatia. Minyoo yenye manyoya, kaa wadogo na konokono wa mchangani wakikutwa ndani ya chaza aliyekufa, mara nyingi wamefuata harufu ya nyama inayooza. Ushahidi dhidi yao ni pale tu unapowaona wakila kutoka tundu la chini la chaza ambaye bado anajifunga kwa nguvu. Hilo hutokea hasa kwa maxima na crocea waliowekwa juu ya mchanga, kwa kuwa tundu lao la mguu ni pana na hukaa wazi. Chaza hao wawekwe juu ya kipande cha jiwe bapa, wakajishike wenyewe kwa nyuzi zao. Ukitaka kumhamisha baadaye, hamisha jiwe lote, au ukate nyuzi kwa wembe karibu na jiwe. Kamwe usimng'oe kwa kumvuta.

Samaki nao wachunguzwe, na njia nzuri ni kukaa kimya mbali na tangi kwa nusu saa. Kitatange wa aina nyingi, wakiwemo wale wadogo wa jenasi ya Centropyge, pamoja na kikande na bunju, hudonoa joho. Huenda kitatange akakaa mwaka mzima na chaza bila kumgusa, halafu siku moja akaanza, na akishaanza haachi. Chaza anayedonolewa hujifunga mchana kutwa, na kwa kujifunga hukosa mwanga, kwa hiyo anaonekana kama anayekufa kwa njaa. Anayekaribiana mno na anemoni au matumbawe yenye mikono mirefu ya kuunguza hufanya vivyo hivyo.

Ugonjwa mmoja una sura yake ya pekee: joho hujibana na kujikunjakunja katika sehemu moja, kana kwamba limefungwa kwa uzi, wakati sehemu nyingine ni nzima. Wafugaji huuhusisha na protozoa, yaani vijidudu vya seli moja, na huenea kutoka chaza mmoja hadi mwingine. Matibabu yanayotumika ni kumzamisha katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa osmosisi kinyume, yenye joto na pH sawa na ya tangi (magadi soda kidogo hupandisha pH), kwa dakika 20 hadi 30. Wote waliomo tangini watibiwe siku moja. Jambo hili ni zito kwa mnyama, hivyo asifanyiwe chaza ambaye tayari mrija wake umetanuka na hajifungi, huyo hatalihimili.

Kuna kufa polepole, na huku ndiko kunakotaka uaminifu wa mfugaji. Joho hupauka, huacha kuvuka ukingo wa gamba, na mstari mweupe wa ukuaji haujaonekana kwa miezi. Kwa maxima na crocea, wafugaji hulenga mwanga wa mikromoli 250 hadi 400 kwa mita ya mraba kwa sekunde pale alipo chaza. Kifaa cha kupimia mwanga huu kinaweza kuazimwa, na taa ya LED inayoonekana kali machoni mara nyingi haifikishi kiasi hicho kwenye sakafu ya tangi. Hata hivyo usimpandishe kwa siku moja kutoka kivulini hadi juu, maana mwanga wa ghafla nao humpausha. Mpandishe kwa wiki mbili tatu.

Mwanga ukiwa wa kutosha na bado anapauka, angalia naitreti na fosfeti. Mwani wa ndani ya chaza huhitaji nitrojeni na fosforasi, na tangi lililosafishwa hadi vipimo vyote viwili kusoma sifuri humtia njaa. Naitreti ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfeti ya 0.03 hadi 0.1 humfaa. Chaza aliye chini ya sentimita tano hutegemea zaidi chakula anachochuja majini, ndiyo maana naona ni busara kununua wa sentimita saba au zaidi. Kalsiamu iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isibadilike) kati ya 7 na 10 kwa kipimo cha dKH, magnesiamu karibu 1,300. Pima alkalini kwa wakati uleule wa siku, kwa siku saba mfululizo. Inayoshuka kidogo kila siku inaonyesha kwamba kuna viumbe wanaojenga, na inayoruka juu na chini inaonyesha dozi zisizo na mpango, jambo ambalo chaza hulihimili vibaya kuliko kiwango cha chini kisichobadilika.

Ukimkuta amefungua magamba, joho limelegea na hatikisiki ukimgusa, mtoe saa hiyohiyo, maana nyama yake huoza upesi na amonia yake inaweza kuwaua waliobaki. Kagua gamba tupu kwa kioo cha kukuzia kabla hujalitupa: matundu, utelezi wa mayai na konokono waliobaki katika mikunjo bado vinaweza kukuonyesha kilichotokea. Usimlete mwingine mpaka umejua kisababishi, au mpaka wiki sita zimepita bila dalili kwa chaza waliobaki, huku mstari mweupe ukionekana tena kwenye kingo za magamba yao.