SOMO: Jinsi ya kutafuta ruti ya baiskeli iliyo salama, yenye mandhari na isiyo na magari (soma yote ndo uulize)

Wakuu habari zenu. Naandika hili somo kwa sababu kila wikiendi ikikaribia naulizwa kitu kile kile, "mkuu nitajie njia nzuri ya kupiga baiskeli isiyo na magari". Siwezi kumtajia kila mtu njia ya anakoishi, ila kuitafuta mwenyewe naweza kukufundisha, na ukishajua utapanga ruti hata ya sehemu ambayo hujawahi kukanyaga. Unahitaji simu, ikiwepo kompyuta vizuri zaidi, na jioni moja ya kukaa na ramani bila haraka.

1. Amua umbali. Kama bado mgeni, kilomita 20 mpaka 30 kwenda na kurudi zinatosha.

2. Fungua ramani inayoonyesha njia ndogo. Ramani nyingi za kwenye simu zimewekwa kwa ajili ya magari, njia za vumbi na za miguu zinafifia au hazipo kabisa. Mimi natumia OpenStreetMap, inachorwa na watu wa kujitolea toka 2004, halafu kwenye tabaka zake unachagua CyclOSM ambayo imetengenezwa kwa ajili yetu waendesha baiskeli. Huko njia ya lami na ya vumbi zinachorwa tofauti, na vilima unaviona.

3. Tafuta kitu kirefu kinachoambaa. Mto, mfereji, bomba kubwa la maji, ukingo wa ziwa, msitu, reli iliyoachwa. Vitu kama hivi mara nyingi vina njia ya huduma pembeni, na kwa sababu ile njia haiunganishi mji na mji, mwenye gari hana sababu ya kuipita. Reli za zamani ndo napenda kuliko zote maana treni haiwezi milima, kwa hiyo waliozijenga walikata vilima na kujaza mabonde mpaka mwinuko ukawa mara nyingi hauzidi asilimia 2 au 3, unapanda bila hata kujua kama unapanda. Kule Missouri, Marekani, kuna Katy Trail, ilikuwa reli, sasa hivi ni njia ya baiskeli na miguu ya zaidi ya kilomita 380. Ila angalizo, reli ambayo treni bado zinapita usiiguse.

4. Hakiki ruti kipande kwa kipande. Hii hatua ndo watu wanairuka, na ndo inayoumiza, kwa hiyo tulia hapa.

Ukibonyeza "nipeleke" programu inakutafutia njia fupi au ya haraka, haikutafutii iliyo salama. Inaweza kukupitisha kilomita 18 za raha shambani halafu ikakutupa kwenye barabara kuu kwa kilomita 2 ili tu ikuunganishe na njia nyingine, na wewe kwenye ramani unaona mstari mmoja mzuri wa bluu. Zile kilomita 2 ndo za kuangalia kwanza. Fuata mstari wote kwa kidole mpaka mwisho, na kila unapogusa au kukata barabara kubwa simama ujiulize: navuka wapi? kuna kona inayomficha dereva? nikiwa pale katikati kuna pa kusimama?

Kama ni lazima uambae na barabara ya magari, pima upana wake. Picha za setilaiti nyingi zina kipimo cha umbali. Lori lina upana wa kama mita 2.5, malori mawili yakipishana yanakula mita 5, sasa barabara ya mita 6 isiyo na bega (nafasi ya pembeni nje ya njia ya magari) imekubakizia mita 1 igawanywe pande mbili, na usukani wako peke yake una karibu nusu mita au zaidi. Huna nafasi pale. Ujerumani sheria inamtaka dereva akuache mita 1.5 mjini na 2 nje ya mji, hebu piga hesabu hiyo kwenye barabara kama hiyo.

Baada ya hapo washa picha ya setilaiti. Angalia kama njia inaonekana kweli au imefunikwa na majani, kama kwenye mto kuna daraja au mstari umevuka tu juu ya maji, kama kuna geti. Picha za barabarani zikiwepo soma na tarehe yake, ya miaka kumi nyuma haikusaidii sana. Kwenye OpenStreetMap njia za mashambani zina daraja la ubora kuanzia 1 mpaka 5, 1 ni ngumu na imara, 5 ni udongo laini au majani matupu. Mvua ikinyesha, 4 na 5 achana nazo.

ONYO: njia kuonekana kwenye ramani sio ruhusa ya kupita. Inaweza kuwa ya mtu binafsi au ya hifadhi, ukikuta kibao kinakataza geuza.

ONYO la pili: ukikosa uhakika na kipande kimoja usiseme "nitajua mbele ya safari". Mbele ya safari umechoka, jua linazama, na utachagua barabara kuu kwa sababu ndo ya karibu.

5. Angalia mwinuko. Asilimia 10 maana yake unapanda mita 10 kila ukienda 100, kwa anayeanza hapo unashuka unasukuma. Usiuamini sana ule mchoro wa milima lakini, programu nyingi zinategemea vipimo vya rada vilivyochukuliwa toka angani Februari 2000, na penye msitu mnene rada ilipima karibu na vilele vya miti, penye daraja juu ya korongo mchoro unakushusha mpaka chini kabisa wakati wewe unapita juu tambarare.

6. Upepo na jua. Anza kwa kuukabili upepo ukiwa na nguvu, urudi unakusukuma. Na usipange kurudi jioni ukielekea magharibi kwenye barabara yenye magari, jua likiwa chini dereva aliye nyuma yako linampiga machoni, hata ukivaa rangi kali anaweza asikuone.

7. Shusha ramani iwe oflaini (OsmAnd au Organic Maps), weka faili la GPX (faili lenye mstari wa ruti ambalo programu za ramani zinalisoma) la ruti yako, mwachie mtu nyumbani nakala.

8. Mara ya kwanza nenda asubuhi, na mwenzio.

Karibuni kwa maswali.

---

Gia Nyepesi: Mkuu somo zuri, sasa kwa huku kwetu njia ipi ni nzuri?

Jibu: Rudi hatua ya 2.

Pedali: Mkuu mi naona unazungusha sana, Strava (ile programu ya kurekodi mazoezi) wana ramani inaonyesha waendesha baiskeli wanapopita wengi, si unafuata tu ile inayowaka?

Jibu: Inaonyesha wengi wanapita wapi, haisemi kama wanapita salama. Watu wa mazoezi ya mbio wanapenda lami ndefu iliyonyooka, kwa hiyo barabara kuu nayo inawaka vizuri tu. Mimi naitumia kwenye hatua ya 4 kuhakiki: njia ya msituni ikiwa na mstari najua inapitika. Isipokuwa na mstari haina maana haipitiki, huenda waliopita hawatumii hiyo programu.

Mama Tairi: Samahani kaka, mimi naendesha na binti yangu wa miaka 9, hii ruti nipange kama ya kwangu au kuna cha kuongeza?

Jibu: Swali zuri sana dada. Kwanza, ruti ya mtoto usipange duara, panga ya kwenda na kurudi njia ile ile, maana kwenye duara akichoka katikati huna namna, ila hii unageuza muda wowote na njia ya kurudi mmeshaijua. Pili, kila pa kuvuka barabara kubwa mshuke wote wawili msukume. Tatu, wewe kaa nyuma yake, sio mbele, ili umuone, na penye gari sogea kidogo upande wa barabarani. Halafu weka kitu cha kufikia, maji, daraja, mti mkubwa wa kivuli. Mtoto ukimwambia "bado kilomita 4" anachoka palepale, ukimwambia "tunafika kwenye daraja" anakanyaga.

Mnyororo: Nimefuata programu nimetokea kwenye kiwanda cha mtu kuna mbwa wakali, hizi ramani ni uongo

Jibu: Uliangalia setilaiti kabla ya kutoka?

Mnyororo: Hapana ila ramani ilionyesha njia inapita

Jibu: Hatua ya 4 yote inaongelea hilo mkuu, na onyo nimeweka. Kiwanda kinaonekana toka juu, paa lake tu lingekushtua. Pole kwa mbwa, siku nyingine shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, usikimbie.

Njia Panda: Kuna namna ya kuilazimisha programu ikwepe barabara fulani? Kila nikipanga inanirudisha kule kule.

Jibu: Ipo, na wachache wanaijua. Jaribu BRouter, tovuti ya kupanga ruti, kwenye kompyuta. Unachagua aina ya safari, halafu unachora duara juu ya eneo usilolitaka na yenyewe inatafuta pa kuzunguka. Ukigundua mbele imeenda kuvuka pabaya, chora duara jingine. Ukimaliza shusha GPX uipeleke kwenye simu. Ruti inaweza kuongezeka kilomita kadhaa, zikubali.

Gia Nyepesi: Mkuu nimerudi hatua ya 2 kama ulivyosema, nimeona mfereji una njia pembeni mpaka kwenye bwawa, km 14, daraja la ubora limeandikwa 3. Baiskeli yangu ina matairi membamba, inafaa?

Jibu: Safi kabisa, hiyo ndo kazi niliyokuwa naitaka. Daraja 3 ni mchanganyiko wa kigumu na laini, na matairi membamba kukikauka unapita ila utarushwa. Angalia fremu na breki zako zinaruhusu tairi pana kiasi gani, ukiweza kuongeza hata milimita chache utaona tofauti, na upunguze upepo kidogo usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukishindwa kubadili, nenda wiki ambayo haijanyesha na ubebe tyubu ya akiba na pampu. Pia kagua kwenye setilaiti kama ile njia iko upande mmoja mpaka bwawani, mifereji ina tabia ya kuhamisha njia upande wa pili katikati, kwa hiyo utafute kivuko kiko wapi kabla hujatoka.