Namna ya Kuondoa Ute wa Kijani Unaotanda Uani Wakati wa Masika

Ufikapo mwezi wa Mei, ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi kuliko miezi yote hapa Mombasa, wenye nyumba zilizo na ua wa kokoto au wa kabro huamka asubuhi wakakuta madonge ya rangi ya zaituni yametapakaa chini, laini na yenye kuteleza kama mlenda uliomwagika. Wengine hudhani ni uchafu uliotoka chooni, na wengine hudhani ni mayai ya vyura. Huko Ulaya, watu wa zamani waliamini kuwa ni mabaki ya nyota zilizoanguka. Ukweli ni kwamba haya ni makundi ya sianobakteria waitwao Nostoc, viumbe wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, ingawa si mimea. Ukiwatazama kwa darubini utawaona wamejipanga kama shanga zilizotungwa uzini, na ule ute ni utando wa kuwafunika wanaoutoa wenyewe ili kuhifadhi maji.

Kabla ya kushika ufagio, hakikisha kwamba unachokiona ndicho chenyewe. Kuvumwani, ule mmea mfupi wa kijani unaoota penye unyevu, ina vijani vidogo na hushika ukuta, lakini donge hili halina jani wala mzizi, na ukiliinua hutoka zima kama kipande cha mpira laini. Ukitaka uhakika zaidi, liweke kwenye kisahani juani. Kufikia jioni litakuwa limenywea na kubaki gamba jeusi jembamba, linalovunjika kama karatasi iliyoungua, kiasi kwamba mtu asiyejua angelifagia akidhani ni takataka. Sasa linyunyizie vijiko viwili vya maji. Baada ya dakika chache kingo zitaanza kujikunjua, rangi ya kijani itarudi, na polepole donge litavimba tena. Uwezo huu si wa siku mbili tatu tu: mwaka 1941 ilichapishwa taarifa ya Nostoc aliyefufuliwa kutoka katika sampuli kavu iliyokuwa imehifadhiwa kwa miaka 87. Kwa hiyo ua uliokauka wakati wa kaskazi na kuonekana safi huenda bado una mbegu ya tatizo la masika yajayo.

Jambo la kwanza la kufanya, basi, ni kutafuta maji yanakotoka, dawa isubiri. Zunguka nyumba siku ambayo haijanyesha, uone ni wapi ardhi ingali mbichi. Mara nyingi utakuta bomba la kiyoyozi linadondosha tone baada ya tone mahali pamoja kutwa kucha, au tangi la darini linafurika kwa sababu boya lake limeharibika, au mtaro umezibwa na majani ya mwembe. Elekeza maji ya kiyoyozi kwenye ndoo au shina la mti, tengeneza boya, zibua mtaro. Penye ardhi iliyoshindiliwa na magurudumu ya gari, chimbua kwa jembe kina cha shibiri moja, uchanganye mchanga na mboji ili maji yazame badala ya kutuama. Punguza pia matawi yanayozuia upepo wa kusi kupita.

Kisha ondoa madonge yenyewe, na wakati mzuri ni yakiwa na unyevu lakini hayaelei majini, kwa kuwa yakikauka kabisa huvunjika vipande vidogo na kila kipande chaweza kuanzisha kundi jipya. Tumia koleo bapa, uyakusanye ndani ya karai, uyatie kwenye mfuko na kuyatupa pamoja na taka. Usiyasukumie mtaroni, maana utakuwa umempelekea jirani. Kwenye kabro na saruji, malizia kwa brashi ngumu. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, kwani utelezi wake si wa mchezo, na wazee wasipite hapo mpaka pawe pamekauka.

Kuhusu dawa, nina neno moja la uchungu. Mwaka mmoja nilikubali fundi wa bustani apulize dawa ya magugu uani kwangu. Nyasi zilikufa zote, ardhi ikabaki wazi juani, na mvua iliyofuata ute ulienea mara mbili ya ulivyokuwa. Dawa nyingi za magugu hazimdhuru Nostoc. Zinamwondolea tu washindani. Dawa ya klorini inaweza kusaidia juu ya saruji, lakini huunguza mimea, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Punguza pia mbolea yenye fosforasi nyingi, kama DAP, kwani humnufaisha. Naitrojeni haimpigi chenga: ana seli maalumu za kuinasa kutoka hewani. Chokaa nayo si dawa, maana udongo wetu wa matumbawe tayari una chokaa tele, na hali hiyo humpendeza.

Wapo watakaouliza kama huliwa, kwa kuwa China na Peru zipo aina za Nostoc zinazopikwa. Wa uani kwako usimle. Amelala juu ya kinyesi cha paka na mafuta ya gari, na baadhi ya sianobakteria hutoa sumu.

Mvua za vuli zikianza mnamo Oktoba, rudi ukague mahali pale pale, hasa chini ya bomba la kiyoyozi. Ukikuta vidonge vya ukubwa wa kunde, viokote kwa mkono siku hiyo hiyo.