Somo: Utaratibu wa kupimwa ugonjwa wa siliaki kwa mgonjwa wa Nairobi

Ugonjwa wa siliaki hutokea pale ambapo kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, huushambulia utumbo mwembamba wa mtu mwenyewe. Utando wa ndani wa utumbo huo una vijidole vidogo mno, vilivyosimama kama nyuzi za taulo, na kazi yake ni kufyonza chakula. Vikilala au vikiisha, mtu anaweza kula na kushiba kila siku na bado mwili wake ukakosa madini ya chuma, foleti, kalsiamu na vitamini D. Wapo wanaoharisha na kujaa gesi, wapo wanaofunga choo, na wapo wasiolalamikia tumbo hata kidogo, ila wana upungufu wa damu usiosikia vidonge, vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, mifupa dhaifu, mimba zinazotoka, au mtoto asiyeongezeka kimo.

Nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha endoskopi, yaani kamera ya tumbo, hapa jijini, na linalonisikitisha kuliko yote ni kumwona mgonjwa aliyechanga fedha kwa shida, akalipia kipimo kikubwa, kisha majibu yakawa hayana maana kwa sababu utaratibu ulivurugwa tangu mwanzo. Ndiyo maana nimeandika kwa mpangilio wa hatua. Maamuzi ya matibabu yatabaki kuwa ya daktari anayekuona. Mimi nakusaidia ufike kwake ukijua la kuuliza.

Hatua ya kwanza: usiache ngano kabla ya vipimo kukamilika

Vipimo vyote viwili vikuu, cha damu na cha utumbo, havitafuti gluteni. Vinatafuta madhara yake. Ukiacha ngano, kingamwili zinazotafutwa kwenye damu hushuka polepole, na utumbo nao huanza kujijenga upya. Mtu mwenye ugonjwa halisi anaweza basi kupata karatasi inayosema hana kitu. Ushauri wa kuacha ngano mara moja hutolewa kwa nia njema na jamaa, na wauza virutubisho, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, lakini ukitangulia vipimo huziba njia ya kuujua ukweli.

Mwongozo unaotumika Uingereza unasema mtu ale chakula chenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa muda usiopungua wiki 6, kabla ya kupimwa. Hapa kwetu sharti hili lina uzito wa pekee ambao vitabu vya ng'ambo haviutaji. Katika nyumba nyingi za Nairobi chakula cha wiki nzima ni ugali wa mahindi, sukuma wiki, githeri, wali, viazi na ndizi, na chapati huonekana Jumapili au mgeni anapokuja. Anayekula hivyo hajaamua kuacha gluteni, lakini anakula kidogo sana kiasi cha kuweza kuyapotosha majibu. Kabla ya kwenda maabara, hakikisha kwamba kwa wiki hizo 6 unapata, kwa mfano, vipande viwili vya mkate na chai asubuhi, na chapati au mandazi wakati mwingine wa siku. Uji wa wimbi, mtama au mahindi hauhesabiwi, kwa kuwa nafaka hizo hazina gluteni.

Kuna wasiopaswa kujilazimisha wenyewe. Mtu anayevimba midomo, kutoka vipele vya ghafla au kubanwa pumzi mara tu baada ya kula ngano huenda ana mzio wa ngano, ambao ni tatizo jingine lenye hatari yake, na asijaribu kuila nyumbani. Mtoto mdogo, mjamzito, na mtu aliyekonda sana wafanye hatua hii chini ya uangalizi wa daktari.

Hatua ya pili: mwendee daktari ukiwa na maandishi

Andika kwenye karatasi moja dalili zako na zilianza lini, uzito uliopungua, matokeo ya vipimo vya damu ulivyowahi kufanya, dawa zote unazotumia, na magonjwa ya ndugu wa damu, hasa kisukari cha aina ya kwanza na magonjwa ya tezi ya thairoidi, kwa sababu haya huandamana na siliaki mara nyingi kuliko inavyotarajiwa. Wagonjwa wengi hapa mjini wamekwisha kutibiwa taifodi, amiba na vidonda vya tumbo, tena zaidi ya mara moja. Magonjwa hayo yapo na ni sahihi yafikiriwe kwanza, lakini dawa zile zile zikitolewa mara ya tatu na dalili zikabaki pale pale, hapo ndipo pa kusema kwa adabu: «Daktari, naomba tuondoe shaka ya siliaki kabla sijabadilisha chakula.»

Usishangae ukiagizwa pia kipimo cha choo na cha VVU. Vimelea vya jiadia, kifua kikuu cha utumbo, VVU, na hata dawa ya shinikizo la damu iitwayo olmesartani vinaweza kuuharibu utumbo kwa namna inayofanana na siliaki, na daktari makini atataka kuviondoa katika hesabu.

Hatua ya tatu: damu

Fomu ya maabara iwe na vitu viwili, si kimoja. Cha kwanza ni tTG-IgA, kinachotafuta kingamwili za siliaki za aina ya IgA, nacho ndicho kipimo cha kuanzia. Cha pili ni IgA ya jumla, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina hiyo kwenye damu. Watu wengi hukiruka hiki cha pili ili kupunguza gharama, nami nasisitiza kisirukwe, kwa sababu wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na hali hiyo hupatikana zaidi miongoni mwa wenye siliaki, kadiri ya 2 hadi 3 kati ya kila 100. Kwa mtu wa aina hiyo tTG-IgA itatoka chini hata kama utumbo umeharibika vibaya. IgA ya jumla ikiwa pungufu, daktari ataagiza vipimo vya kundi jingine la kingamwili, IgG, badala yake, kama vile tTG-IgG au DGP-IgG.

Huhitaji kufunga kula kwa ajili ya damu hii. Uliza mapema kama sampuli itapimwa hapa hapa au itapelekwa maabara nyingine, kwa kuwa jibu hilo ndilo litakalokuambia usubiri siku ngapi. Karatasi ikitoka, soma namba yako pamoja na kiwango cha kawaida kilichoandikwa kando yake. Maabara hutumia mitambo na vizio tofauti, kwa hiyo 40 ya maabara moja haiwezi kulinganishwa na 40 ya nyingine.

Jihadhari na vifurushi vinavyotangazwa kuwa hupima mwili wako kwa vyakula mamia kwa kutumia IgG. Havithibitishi siliaki, navyo humfanya mtu aache maziwa, mayai na ngano kwa pamoja bila sababu. Heri fedha hizo ziwekwe kwa ajili ya hatua inayofuata.

Hatua ya nne: kamera na vinyama

Kwa mtu mzima ambaye damu imeonyesha dalili, au ambaye shaka ya daktari ni kubwa ijapokuwa damu ni safi, kinachofuata ni endoskopi ya juu, ambayo watu wengi huiita kamera ya tumbo. Utafunga chakula kwa saa 6 hadi 8, utapuliziwa dawa ya ganzi kooni, na mara nyingi utachomwa sindano ya kukutuliza. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani, na usiendeshe gari siku hiyo. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, sema siku unapopanga miadi, usingoje kulala kitandani.

Kamera peke yake haitoshi, kwani utumbo ulioharibika unaweza kuonekana wa kawaida machoni. Jibu liko kwenye vinyama vinavyokatwa na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia. Uharibifu wa siliaki huwa na madoa: hapa pameliwa, pale ni pazima. Kwa hiyo miongozo inataka vinyama visivyopungua 4 kutoka duodeni, ambayo ni sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na kimoja au viwili vya nyongeza kutoka kwenye balbu yake, pale inapoungana na tumbo. Mwulize daktari kabla ya siku yenyewe kama atachukua idadi hiyo, na uombe fomu iandikwe wazi kwamba kuna shaka ya siliaki. Fomu iliyoandikwa «maumivu ya tumbo» tu huweza kuzaa vinyama vya tumbo pekee, na hapo utakuwa umepimwa vidonda, hukupimwa siliaki.

Ripoti mara nyingi hutumia ngazi za Marsh, zinazoonyesha utumbo umeharibika kiasi gani, zilizotokana na kazi iliyochapishwa mwaka 1992. Marsh 3 maana yake vijidole vimefupika au vimekwisha, na ikiungana na damu yenye kingamwili, ugonjwa huwa umethibitika. Marsh 1, ambapo seli za kinga zimeongezeka na vijidole vingali vimesimama, haithibitishi kitu peke yake, kwa sababu bakteria wa vidonda vya tumbo na dawa za maumivu kama ibuprofeni huweza kuleta picha hiyo hiyo.

Hatua ya tano ni fupi: subiri ripoti ya patholojia ikamilike ndipo ubadilishe chakula. Endapo vinyama havikutosha na kipimo kikahitaji kurudiwa, hutalazimika kuanza upya zile wiki za kula ngano.

Maswali ya wanachama

Mwanachama kutoka Kayole: Sista, mimi niliacha mkate na chapati miezi minne iliyopita na tumbo likatulia. Nikifikiria kuila tena naogopa. Hakuna njia nyingine?

Jibu: Ndugu yangu, ipo njia ya kuanzia. Omba kipimo cha vinasaba cha HLA-DQ2 na DQ8, ambacho hakibadiliki hata kama hujala ngano kwa miaka. Karibu wote wenye siliaki wana kimojawapo. Ukikosa vyote viwili, uwezekano wa kuwa na siliaki ni mdogo mno na hutahitaji kujitesa. Ukiwa nacho bado hujathibitika, kwa maana watu wengi wenye vinasaba hivyo hawaugui kamwe. Hapo ndipo utakaa na daktari kupanga urejee kwenye ngano kwa kiasi gani na kwa muda gani. Kupata nafuu baada ya kuacha ngano hakuthibitishi siliaki, kwa kuwa wapo wanaosumbuliwa na ngano bila kuwa nayo.

Mwanachama kutoka Kasarani: Kijana wetu ana miaka 5 na tTG yake imezidi mara kumi ya kiwango cha kawaida. Mama yake anaumia kusikia habari ya kamera. Je, ni lazima?

Jibu: Baba, huenda isiwe lazima. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 unaruhusu mtoto athibitishwe bila vinyama ikiwa tTG-IgA imefika mara 10 au zaidi ya kikomo cha juu, na sampuli ya pili ya damu, iliyochukuliwa siku tofauti, ikaonyesha kingamwili ziitwazo EMA. Uamuzi huo ufanywe na daktari wa watoto aliyebobea katika mfumo wa chakula, pamoja nanyi wazazi. Mwambie mama asimwondolee mtoto mkate kabla damu ya pili haijachukuliwa.

Mwanachama kutoka South C: Daktari mmoja aliniambia huu ni ugonjwa wa Wazungu na hakuona haja ya kunipima.

Jibu: Pole sana, dada. Ni kweli umechunguzwa zaidi Ulaya, lakini miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa duniani ni cha watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi, hapa hapa Afrika: asilimia 5.6, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999. Kaskazini mwa India nako, ambako ngano ndiyo chakula kikuu, madaktari wanaujua vizuri. Unao haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine, ukiwa na karatasi yako ya dalili.

Mwanachama kutoka Umoja: Bima italipa?

Jibu: Usikubali jibu la mdomo. Iwe ni SHA, yaani bima ya afya ya serikali, au bima ya kazini, omba idhini ya awali kwa maandishi, nayo itaje endoskopi na usomaji wa vinyama, kwani mara nyingi ni ankara mbili tofauti, na ile ya pili huwakuta watu hawajajiandaa.

Mwanachama kutoka Rongai: Mwaka jana niliingizwa kamera, nikaambiwa kuna wekundu kidogo tumboni. Sasa damu imetoka na tTG ya juu. Narudia yote?

Jibu: Kabla ya kulipa tena, rudi pale ulipofanyiwa uombe ripoti mbili: ya endoskopi na ya patholojia. Tazama kama vinyama vilitoka duodeni au tumboni tu. Kama vilitoka duodeni, huhifadhiwa ndani ya nta kwa miaka, na mtaalamu anaweza kuvisoma upya akijua sasa anatafuta nini, mradi wakati ule ulikuwa ukila ngano. Kama vilitoka tumboni tu, basi kamera itarudiwa. Chukua namba ya sampuli iliyo juu ya ripoti ya patholojia. Bila hiyo maabara itachukua muda mrefu kuvitafuta.