Kuchora utepe wa mayungiyungi ya Jingdezhen kwenye sinia la mbao

Mafundi wa Jingdezhen, China, katika karne ya 14, walizungushia vyombo vyao vya buluu na nyeupe shina linalopinda kama wimbi, na kila pindo likakumbatia ua. Wanaoiga pambo hili leo huanza na maua, kisha hulazimisha shina lipenye katikati. Mwendo wote hufa hapo. Anza na shina.

Tafuta sinia la mbao la mviringo lenye kipenyo cha sm 40. Lipige msasa, ulipake mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji isiyong'aa. Juu ya rangi ya mafuta, akriliki, yaani rangi ya maji utakayochorea, itabanduka. Ukiwa Lubumbashi, kati ya Mei na Septemba, likaushie ndani, maana vumbi la kiangazi hunasa kwenye rangi mbichi.

Kwa bikari, chora miviringo mitatu kutoka kitovu kimoja, yenye nusukipenyo cha sm 9, 13 na 17; wa ndani na wa nje ndiyo mipaka ya utepe. Bikari ikibaki kwenye sm 13, itembeze juu ya mviringo wa kati: utapata vituo sita vilivyo sawasawa, kimoja kwa kila ua. Sasa pitisha shina kwa penseli, upande wa ndani wa kituo cha kwanza, upande wa nje wa cha pili, ukibadilisha hivyo hadi urudi ulikoanzia. Idadi ya maua lazima iwe shufwa. Ukiweka matano au saba, ncha za shina hazitakutana, na hakuna namna ya kuficha kosa hilo.

Kila ua liwe na upana wa sm 5, likiegemea tawi linalochipuka kwenye shina na kurudi nyuma. Petali ziwe na ncha kali. Majani ndiyo hukosewa zaidi: jani halisi la yungiyungi ni duara pana, lakini kwenye utepe wa aina hii mafundi wale walichora vijani vidogo vyenye miiba pembeni. Wafuate, majani ya duara hujaza nafasi na kuzuia macho yasisafiri.

Piga mistari kwa buluu nzito ya akriliki. Ikikauka, jaza kwa buluu iliyozimuliwa, sehemu moja ya rangi kwa mbili za maji, ukiacha ukingo mweupe mwembamba kwenye kila petali. Ukingo huo ndio unaolipa ua uhai.

Wako watakaofikiria kusaga mawe ya kobalti ya Katanga, kwa kuwa buluu ya Jingdezhen ilitoka kwenye kobalti, iliyoletwa kutoka Uajemi. Msifanye hivyo. Vumbi lake hudhuru mapafu, na oksidi yake ni nyeusi. Hugeuka buluu tanurini tu, ikiyeyukia kwenye kioo kinachofunika chombo.

Malizia kwa vanishi ya maji. Ile ya mafuta hugeuza nyeupe kuwa manjano.