Taa Zinachezacheza: Jinsi ya Kuutafuta Ubovu Kwenye Nyaya za Nyumba

Kabla ya kushika bisibisi, angalia ni taa zipi zinazocheza. Ni moja, ni za upande mmoja, au ni nyumba nzima? Ubovu huwa mahali ambapo taa zote zinazosumbua hukutana, kwa hiyo swali hili hupunguza sana kazi ya kutafuta.

Ikiwa ni taa moja, zima, acha balbu ipoe, kisha ikaze vizuri. Ikiendelea, weka balbu nyingine unayojua ni nzima. Nayo ikicheza, kagua holda na swichi. Zima breka ya sakiti hiyo (njia ya nyaya inayolisha taa hiyo), usitegemee swichi ya ukutani: kama aliyefunga alikatisha nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwenye swichi badala ya waya wa moto (unaoleta umeme), holda ina umeme hata taa ikiwa imezimwa. Hakikisha kwa tasta, na tasta yenyewe ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, maana tasta mbovu haionyeshi umeme popote. Holda yenye plastiki iliyogeuka kahawia au vibati vilivyoungua haina matengenezo, weka mpya.

Balbu ya LED ikimweka hafifu baada ya kuzimwa, mara nyingi sababu ni swichi yenye kitaa kidogo ndani, au nyutro iliyokatishwa kwenye swichi kama tulivyosema. Ikicheza kwenye swichi ya kupunguza mwanga, hakikisha balbu ni ya aina inayokubali kupunguzwa.

Taa za upande mmoja zikicheza pamoja, tafuta kiungo kilicholegea. Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu breka haioni ubovu huu. Breka hukata mkondo ukizidi, na kiungo kilicholegea hakizidishi mkondo, kinazalisha joto tu. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.5 kikipitisha ampea 10 hutoa wati 50 za joto, zote mahali padogo kama punje ya hindi. Joto huitia shaba kutu, kutu huongeza ukinzani, na joto huzidi. Harufu ya plastiki inayoungua, swichi inayonguruma au bamba lenye weusi ni sababu ya kuzima sakiti papo hapo.

Umeme ukiwa umezimwa, fungua swichi na maboksi ya viungo, uvute kila waya taratibu. Unaochomoka au kutikisika ndio huo. Kata sehemu iliyoungua, menya milimita 8 hadi 10, ingiza na ukaze. Shaba isibaki nje ya terminali, wala skrubu isikanyage ganda. Viungo vilivyosokotwa na kufungwa tepu vitoe, weka konekta ndani ya boksi. Kwa kawaida taa hutumia waya wa 1.5 mm² na breka ya ampea 6 au 10, soketi 2.5 mm². Breka ikikatika mara kwa mara, usiweke kubwa zaidi: utakuwa umeufanya waya kuwa fyuzi, yaani utaungua waya kabla breka haijakata.

Nyumba nzima ikififia kidogo friji au pampu inapoanza, ni kawaida, kwani mota huvuta mkondo mkubwa wakati wa kuanza. Lakini taa nyingine zikififia huku nyingine zikizidi kung'aa, nyutro imelegea au imekatika. Zima meinswichi mara moja na uchomoe vifaa. Kwenye umeme wa fezi tatu wa volti 230/400, baadhi ya soketi zinaweza kupanda kuelekea volti 400. Ubovu ulio kabla ya meinswichi, yaani kwenye mita au nguzo, ni wa shirika la umeme. Usivunje lakiri.

Ukiwa na maltimita (kifaa cha kupimia volti), pima soketi bila mzigo, yaani bila kifaa kinachotumia umeme, kisha birika likiwa limewashwa. Kwenye mfumo wa volti 230, kati ya 207 na 253 hukubalika. Zikishuka zaidi ya 12 hivi kwa birika moja, kuna kiungo dhaifu au waya mwembamba mno, mwite fundi umeme.

Ukimaliza, washa taa zote nusu saa, kisha gusa bamba za swichi kwa mgongo wa mkono. Swichi ya kupunguza mwanga huwa vuguvugu, hiyo si hitilafu. Ya kawaida ikiwa na joto, zima breka ufungue tena.