Namna ya Kuonja na Kupima Wiski ya Uskoti Iliyokaa Pipani Miaka Mingi

Anayetaka kuipima wiski ya Uskoti ya kimea cha shayiri, iliyotoka katika kiwanda kimoja na kukaa pipani miaka 25 au zaidi, kwanza asiitegemee namba iliyoandikwa kwenye lebo. Namba hiyo hutaja umri wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizotiwa katika chupa ile, basi. Kanuni za Uingereza za mwaka 2009 kuhusu wiski ya Uskoti zinadai miaka 3 tu katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, na muda wowote zaidi ya hapo ni uamuzi wa kiwanda, ambao unaweza kuwa wa busara au usiwe. Kwa hiyo jambo la kuchunguza ni moja: je, mbao zimeilea wiski hii, au zimeimeza?

Tumia bilauri ndogo yenye tumbo pana na mdomo uliobanwa. Mimina mililita 20 hivi, bila barafu, kwa kuwa baridi huifunga harufu, kisha uiache itulie kwa robo saa. Rangi isikushughulishe sana, maana kanuni zinaruhusu kutiwa karameli, yaani rangi ya sukari iliyounguzwa.

Kunusa ndiyo kazi kubwa, na ndiko wengi wanakokosa subira. Sogeza bilauri polepole huku midomo ikiwa wazi kidogo, uiondoe, upumzike, urudie. Pipa lililowahi kuwa na burboni, wiski ya mahindi ya Marekani, huleta vanila na nazi. Lililowahi kuwa na sheri, mvinyo mkali wa Hispania, huleta zabibu kavu, tende, jozi na mdalasini. Glenfarclas ya miaka 25, kutoka bonde la mto Spey, ni mfano mzuri wa hilo la pili. Ukiwa na wiski ya kisiwa cha Islay, usishangae moshi wake ukiwa mpole, kwani hupungua kadiri miaka inavyosonga. Katika umri huu hutokea pia harufu za ngozi, nta na mbao za kale, ambazo mimi nazithamini kuliko zote. Hata hivyo, chini yake tafuta tunda au nafaka, yaani tabia ya kinywaji chenyewe kabla hakijaingia pipani. Usipoipata hata baada ya nusu saa, mbao zimeshinda.

Mnyweo wa kwanza uwe mdogo sana, wa kuzoeza ulimi tu. Wa pili uuzungushe kinywani taratibu, ukiangalia uzito wake, utamu wake, na zaidi ya yote ukakasi. Ukakasi kidogo huipa wiski uti wa mgongo. Ukizidi hadi fizi zikauke kama za mtu aliyetafuna ndizi mbichi, wiski hiyo ilistahili kutolewa pipani mapema zaidi. Baada ya kumeza, nyamaza na ufuatilie ladha inavyobadilika, kwa kuwa ladha inayodumu muda mrefu ikiwa chungu mwanzo hadi mwisho haina sifa ya kuongezewa alama.

Maji yatiwe tone kwa tone, na baada tu ya kuonja bila maji. Wachanganyaji wa viwandani, yaani wataalamu wanaochanganya wiski za mapipa mbalimbali, huishusha wiski hadi karibu asilimia 20 ya kileo wanapoinusa, lakini wiski kongwe aghalabu haistahimili hivyo. Pipa hupoteza takriban asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka, na katika hali ya hewa ya Uskoti, yenye unyevu, kiasi cha kileo nacho hushuka, huku kanuni zikikataza kuuzwa chini ya asilimia 40. Iliyo na asilimia 43 huenda isihitaji maji kabisa.

Kabla ya kutoa alama, iweke kando yake wiski ya miaka 12 ya kiwanda kilekile, uzionje kwa zamu. Hapo ndipo utaona miaka ya ziada imeongeza nini na imeondoa nini, na ukijikuta unairudia ile changa, ipe alama nyingi kuliko kongwe bila kujali tofauti ya bei.